Yule wa Penye Kichuguu

Jioni ile nilikuwa natoka kusagisha mahindi kijiji jirani cha Misiera, unga kichwani, binti yangu Gaju mgongoni. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa nane, mwaka 2013. Ijumaa nilitakiwa kufika Mbarara na jibu.

Macho yangu huona karibu tu. Sindano naitunga bila shida, lakini mtu akiwa hatua kumi kutoka kwangu, hana uso. Miwani yangu Gaju aliikalia mwezi wa nne ikavunjika. Mwezi wa saba alitambaa hadi barabarani, nami nikadhani ni kuku. Pikipiki ilimkosa kidogo. Ndipo mume wangu Muhirwa akaniandikisha kwa madaktari wageni walioleta mashine ya leza ya kurekebisha macho, hospitali ya Mbarara.

"Miwani unavua," nesi wao aliniambia. "Hii ikishamaliza, mama, hauvui. Fikiria mpaka Ijumaa."

Niliogopa upofu. Hilo tu.

Bila miwani nilikuwa nawapita watu kimya, na huku kambini kwetu Juru wakaanza kusema mke wa Muhirwa anajiona. Mimi ni mtu wa aibu. Maneno hayo yaliniuma. Nikajiwekea sheria: chochote kilichosimama wima, nakisalimia. Mara mbili nilisalimia baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

Penye kichuguu, njia inapokata kwenda kwetu, kila jioni alisimama mzee Kabanda, jirani yetu. Mrefu, koti jeusi, fimbo.

"Mwiriwe, mzee," nilimpa salamu ya jioni, macho chini.

"Mm."

Hujibu hivyo kila siku. Gaju akatoa mkono kwenye kitenge, akampungia. Palikuwa na harufu... kama ngozi ya ng'ombe iliyolowa.

Nyumbani nilimkuta Nyirabizimana, mke wa Kabanda, akiomba makaa kwa mama mkwe wangu, Kantengwa.

"Mama Gaju, leo umeniona?" akanitania. "Ama mimi pia niko baiskeli?"

"Nimekuona. Na mzee wako nimemusalimia pale kwa kichuguu."

Akaacha kucheka.

"Kabanda iko Ngarama tangu mwezi wa tano. Anachunga ng'ombe za watu kule."

Makaa yalialika kwenye kigae chake. Aliondoka bila kuaga.

Kantengwa akanivuta karibu.

"Alikuitikia?" akanong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Siku mingi?"

"Kila siku."

"Kule milimani, mbele ya kukimbia, tulikuwa tunamujua huyo. Hasumbui mutu. Anangoja tu wamusalimie. Ukimusalimia, anakusindikiza. Kila siku anasogea karibu."

"Mpaka fasi gani?"

Kantengwa alitazama mgongo wangu, pale Gaju alipolala.

Nikakumbuka. Mwezi wa tano alisimama ng'ambo ya kichuguu. Leo alikuwa upande wetu.

Usiku nilimwambia Muhirwa kwamba ile leza siitaki tena. Bora kivuli kisicho na uso kuliko kuuona uso wake kwa macho ambayo sitaweza kuyavua.

"Walikupatia fasi moja tu," akasema. "Ukikataa, wanapatia mutu mwingine. Na mutoto utamuchungaje?"

Alhamisi nilipita njia nyingine. Jioni nilikuwa napepeta maharage uani. Gaju alishika mlango, akasimama, akapunga mkono kuelekea migomba. Mimi niliona ukungu wa kijani tu. Nikakaza macho... ukungu.

"Mm," ukasema.

Nilimnyakua mtoto, nikafunga mlango. Hapo ndipo nilipoamua. Kama mtoto anamwona, na mama lazima amwone.

Ijumaa nililala chini ya mashine. Taa nyekundu. Harufu ya nywele zinazoungua. Dakika chache tu, kisha wakanifunika macho kwa vikombe vya plastiki.

Siku ya nne, jioni, nilimfunga Gaju mgongoni nikatoka nje. Niliona majani ya migomba, moja moja. Niliona nyufa za kichuguu kule mbali, na mchwa wenye mabawa wakiruka juu yake.

Hapakuwa na mtu.

Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Kantengwa akatoka.

"Unamuona?"

"Hapana, mama. Njia yote iko wazi. Hakuna mutu."

Hakufurahi. Alishika fremu ya mlango.

"Basi amekwisha kufika," akasema polepole.

Mgongoni, Gaju alijipindua. Akautoa mkono kwenye kitenge. Hakuupunga mbele.

"Mwiriwe," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Nyuma ya shingo yangu, karibu sana, kulikuwa na harufu ya ngozi iliyolowa.

Sikugeuka.

Tangu siku hiyo naona hata ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Muhirwa huwaambia watu mke wake amepona. Gaju simbebi tena mgongoni. Nambeba mbele, kifuani, ambapo namwona.

Lakini bado anapunga mkono, juu ya bega langu.