Ndoo ya Wodi ya Wanaume

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mfagizi wa wodi ya wanaume alifunua ndoo ya kudekia akakuta vishikwambi vyote sita vya wauguzi, vya kuandikia vipimo vya wagonjwa, vimezama kwenye maji ya sabuni. Sita, jamani! Na saa nne wakaguzi walikuwa wanakuja kuona wauguzi wanavyovitumia.

Lawama zote zilimwangukia Bibi Kalamu, muuguzi wa miaka thelathini na moja kazini, kalamu sikioni, daftari mfukoni. Ufunguo wa kabati la vishikwambi walikuwa nao yeye na Sista Mkuu tu, na siku ya mafunzo alisema waziwazi kwamba vitu hivyo havitaki. Nani tena angemtetea? Mganga mkuu alishaandika barua ya kumfukuza, bado sahihi tu. Mama wa watu alikaa kwenye benchi, akirudia kwamba hakuvigusa.

Mpelelezi wa polisi aliyeitwa, ambaye wenzake walimwita Kupe kwa kung'ang'ania, alimsikiliza, kisha akaenda chumba cha kompyuta kuomba kumbukumbu za miezi minne. Kila siku wauguzi kumi waliingiza vipimo vya wagonjwa wao kati ya saa kumi na saa kumi na nusu jioni, wakifuatana kwa mpangilio uleule, hata waliokuwa wameshatoka zamu ya asubuhi. Wa kumi na moja aliandika saa yoyote mgonjwa alipopimwa.

Saa tatu kasoro robo aliwakusanya mganga mkuu na Bibi Kalamu ofisini kwa Sista Mkuu, aliyewafundisha wauguzi wote kutumia vishikwambi.

"Nywila za wauguzi kumi unazo wewe," Kupe alimwambia. "Ulikuwa unawajazia kutoka kwenye madaftari yao."

Sista Mkuu alibisha: vifaa vimekufa, ushahidi uko wapi? Kupe akamweleza taratibu kwamba kila kilichoandikwa kilifika kompyuta kuu siku ileile. Hilo hakulijua. Akakaa.

"Niliripoti wote wamefuzu," alisema. "Kila wiki nilijiambia watajua wiki ijayo. Leo wangeitwa mmoja mmoja mbele ya wakaguzi. Ningeficha wapi uso wangu?"

Kupe akaweka karatasi mezani, kidole kwenye jina la wa kumi na moja. Lilikuwa la Bibi Kalamu.

"Ulijua mimi naweza," Bibi Kalamu alisema, machozi yakimtiririka.

"Nilijua. Wengine ndio hawakujua."

Mganga mkuu akaichana barua.

"Ungeniambia tu, mwanangu," Bibi Kalamu alimwambia Sista Mkuu. "Ningewafundisha wote."