Madoa Meupe Tumboni mwa Eliudi

"Kaka, umekalia mali yangu!"

Ketrina alikuwa ametoka Nakonde, upande wa Zambia, na robota la vitenge, jasho likimchuruzika chini ya kilemba cha manjano. Mpaka wa Tunduma ulifurika malori na watu. Kijana aliyekalia robota, wakala wa forodha mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, aliinuka taratibu.

"Samahani, dada. Nilidhani umeniwekea kiti."

"Kiti kina bei."

"Basi niuzie, pamoja na mwenye mali."

Ketrina akacheka. Hivyo ndivyo alivyomfahamu Eliudi, mtoto wa Igamba. Kwa miezi minane simu haikupoa masikioni mwao. Ila kila Jumanne na Ijumaa Eliudi alikwenda Mbeya, "kikazi", na simu yake ikawa haipokelewi.

Kisha asubuhi moja akapiga mwenyewe.

"Usinisubiri, mpenzi. Nimepata mwingine."

Ketrina alilia wiki nzima, hadi Jenista, dada yake Eliudi, alipoingia dukani kwake, alikouzia vitenge.

"Wifi, hakuna mwingine. Figo zake zimekufa. Huko Mbeya husafishwa damu kwa mashine. Sasa hali chakula, anatapika. Wamemwingiza kamera tumboni, wakaona madoa meupe. Wanahofia kansa. Ndiyo maana amekufukuza."

Ketrina alifunga duka saa ile ile.

Alimkuta wodini Mbeya, amekonda, shati likimpwaya.

"Nani kakwambia uje?"

"Nyamaza, mume wangu. Sogea nikae."

Walisubiri siku sita. Daktari alipokuja na karatasi, Ketrina aliinuka.

"Si kansa," daktari alisema. "Tulikata kinyama kidogo tukakipima kwa darubini. Ni mabaki ya dawa, vile vidonge anavyotafuna kila akila, vya kupunguza fosfeti kwenye damu. Yamejikusanya kwenye ukuta wa tumbo. Tutambadilishia dawa."

Eliudi alijifunika uso kwa shuka.

"Figo bado ni zile zile, Ketrina."

"Najua."

"Utanioa hivi hivi?"

"Wewe ndiye unayeoa, bwana! Uliza vizuri."

Akauliza vizuri.

Walifunga ndoa Septemba, kanisani Mbozi Mission. Eliudi alimaliza sahani nzima ya wali wa mchele wa Kamsamba, akaongeza. Machi iliyofuata, akiwa kwenye mashine, moyo wake ulisimama. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa Ketrina.

Msibani Igamba shangazi mmoja alimnong'oneza, "Mwanangu, uliolewaje na mgonjwa?"

"Niliolewa na Eliudi, shangazi," Ketrina alijibu, akavuta kanga usoni.