Bibi Asiyejua Kupika

Kwa maneno ya Mama Chayo, muuza maji ya matunda pale Uwanja wa Santo Domingo, Bibi Eulalia alikuwa ameitwa na Kifo.

"Nawaambieni! Mjukuu wake anasoma shairi mbele ya shule nzima, Kifo kikatajwa, bibi wa watu akabadilika rangi. Akainuka, akaondoka. Tangu siku hiyo mlango umefungwa. Shairi limemwita, hilo!"

Jacinta alikuwa anapangusa vumbi kwenye taipureta ya babu yake, kama afanyavyo kila siku akitoka shule. Mkono ulisita. Shairi lile alilitunga yeye.

Babu Fidencio alikuwa mmoja wa waandishi wa barazani, wale wanaokaa chini ya matao ya uwanja wakiwaandikia watu barua kwa malipo. Jacinta alikulia miguuni pake akisikia maneno yakipangwa, mpaka naye akawa fundi.

Basi Siku ya Wafu, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, ilipokaribia, shule ilitangaza mashindano ya mashairi ya mafuvu. Kila mwanafunzi atunge ubeti wa kumtania mtu aliye hai, kana kwamba Kifo kimemjia. Wenzake wakamzunguka Jacinta kama nyuki. Huyu na peremende, yule na tamale, mkate wa mahindi wenye kuku ndani. Jacinta alikula, akaandika.

Ulises, mjukuu wa Bibi Eulalia, alikuja na mkate wa wafu, ule wa sikukuu, uliojaa sukari juu.

"Nitungie la bibi yangu."

"Yukoje?"

"Bibi ni bibi, wewe! Weka jikoni, weka pilipili, maliza. Mkate unapoa."

Jacinta akaandika:

*Kifo kilipowasili,*
*Bibi yu mbele ya chungu:*
*"Onja hii pilipili,*
*ndipo nife, ndugu yangu!"*

Shule ilicheka mpaka ikakohoa, Ulises akapewa ushindi. Lakini Jacinta alikuwa akimtazama bibi aliyekaa safu ya mbele. Bibi alianza kucheka na watu, kisha midomo yake ikajifunga polepole.

Sasa, kitambaa mkononi, Jacinta aliuliza, "Babu, shairi linaweza kumuua mtu?"

Babu alivua miwani. "Shairi la nani?"

Jacinta akaeleza yote, pamoja na mkate.

"Eulalia aogope Kifo?" Babu alicheka. "Aliendesha basi la umeme katika jiji hili mpaka akastaafu. Kifo chenyewe kingempisha njia." Kisha akaacha kucheka. "Na kupika hajui. Yule anaunguza hata maji."

"Kumbe!"

"Kumbe. Mjukuu wangu, sisi hapa mtu hutaniwa kwa kelele zake, kwa ubishi wake, kwa kiatu chake kibovu. Ndiyo namna yetu ya kumwambia tumekuona. Yeye amemlea Ulises peke yake, halafu anasikia anataniwa bibi mwingine. Kilichomuumiza ni hicho."

Jacinta aliinama, lakini hakuridhika. "Mbona na wewe unaandika kwa malipo, Babu? Hata barua za mapenzi!"

Babu alivaa tena miwani. Mwashi mmoja alifika, saruji ingali kwenye kucha, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Niandikie mke wangu kijijini. Mwambie namkumbuka."

"Unamkumbuka akifanya nini?"

Mwashi alijikuna kichwa. "Aa, mzee, andika tu vizuri."

"Akifanya nini?"

"Akinifukuza na ufagio. Naingia na viatu vyenye matope, yeye huyo!"

Babu akachapa, akamsomea, akauliza, "Ndivyo?"

"Ndivyo hasa," alisema mwashi, akatazama pembeni akipangusa pua.

Alipoondoka, Babu alisema, "Mimi natoa mkono. Moyo anakuja nao mteja mwenyewe. Nikiandika bila kumuuliza, nimemdanganya yeye na mke wake. Na kazi ya shule siigusi kabisa. Mwalimu anataka kujua mtoto anaweza nini. Ukimwandikia, unamnyima mwalimu ukweli, na mtoto unamnyima jasho lake."

Kesho yake Jacinta alimvuta Ulises kando.

"Twende tukamwambie Mwalimu Obdulia."

"Una wazimu? Nitanyang'anywa ushindi!"

"Bibi yako anasema nini nyumbani?"

Ulises aliipiga teke chupa tupu. "Hasemi. Ananisogezea sahani tu."

Walikwenda. Mwalimu aliuchukua ushindi akampa mwingine, na wote wawili wakapangiwa kufagia maua yote ya madhabahu ya wafu pale shuleni. Walipomaliza, Ulises alimfuata Jacinta barazani, akaketi kwenye kigoda.

"Nisaidie basi kutunga jingine. La kweli."

"Bibi alikuwa anaimba akiendesha?"

"Sijui."

"Abiria wasio na nauli aliwafanyaje?"

"Sijui, Jacinta."

"Basi kigoda chako hakiko hapa. Nenda kamuulize mwenyewe."

Jumamosi Bibi Eulalia alikuja uwanjani kwa mwaliko wa Ulises, akitembea katikati ya njia kama bado anaendesha basi. Mama Chayo alipomwona karibu aangushe jagi.

"Uko hai!"

"Ulitaka mkate wa maziko yangu, Chayo?"

Ulises alisimama mbele yake, karatasi mkononi, akasoma:

*Kifo kilipanda basi*
*bila nauli mfukoni,*
*Bibi akaacha kuimba vibaya kama kawaida yake:*
*"Shuka! Subiri la nyuma!"*

Kisha Bibi Eulalia akacheka mpaka akamshika mjukuu wake bega asianguke.

"Vina vyako vimeshukia kituo cha nyuma!" alisema, machozi yakimtoka. "Lakini huyo ni mimi. Mimi mtupu!"

Babu Fidencio aliitikia kwa kichwa. "Shairi linalochechemea, lakini kwa miguu ya mwenyewe, hufika. La kukodi hata likimbie vipi, linafika mlango wa watu wengine. Mmesikia, nyie wawili?"

"Tumesikia, Babu."

Bibi Eulalia alijipangusa macho, akamgeukia Jacinta.

"Na wewe fundi, umewaandikia shule nzima. Hebu tusomee ulilomtungia babu yako."

Jacinta, ambaye hakuwahi kumtungia hata mstari mmoja, alimtazama Babu. Alimwona akisafisha miwani kwa ncha ya tai, kama afanyavyo kila siku, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ile tai alipewa na nani.