Ncha Iliyochunwa

Mke wa fundi alikuwa anakamua shuka la mwisho aliposikia harufu ya nywele zinazoungua. Kabla hajainua uso, wifi yake aliingia uani mbio, kiatu mguu mmoja.

"Wifi, acha hizo nguo! Kaka kamshika mtoto!"

"Kamshika vipi?"

"Pasi ya kulehemu ilikataa kushika risasi ya kuungia nyaya, ncha imechakaa, nyeusi tii. Nikamwambia tuweke mpya. Akaipiga tupa."

"Yeye? Anayetufokea kila siku kwamba ncha haipigwi tupa, itachunika ngozi?"

"Haraka zake! Tupa ilipopita, ncha ikalia, wifi. Ikalia kama mtu."

Kibanda cha kutengenezea redio kilikuwa mbele ya nyumba. Fundi alikuwa amemlaza binti yao juu ya meza, goti kifuani, pasi mkononi. Waya wake ulining'inia, haukuchomekwa popote, lakini ncha ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Msuko mmoja wa mtoto ulikuwa umeungua mpaka kichwani.

"Mmenichuna," fundi alisema kwa sauti isiyo yake, nyembamba, ya chuma kinachokwaruzwa. "Ngozi kwa ngozi. Nivisheni hii laini."

"Mama," mtoto alinong'ona.

Mama hakupiga yowe. Yowe halijawahi kumwokolea mtu mtoto. Alinyakua kigoda akamtwanga nacho mumewe kichwani, damu ikarukia redio, naye fundi akageuka akicheka na kumchoma shavuni mpaka nyama ikababuka, wifi akamrukia mgongoni akarushwa ukutani, mfupa wa mkono ukalia kama kuni kavu, na katika moshi ule mama akakumbuka maneno ambayo mumewe alikuwa akiyarudia kila alipoipaka ncha risasi, kazi aliyoiita kuilisha: ncha iliyochunwa usiilishe sana, risasi itaila ncha yenyewe.

"Una njaa, eh?" alihema. "Basi kula!"

Akanyakua mezani bunda zima la waya wa risasi, akaisukumizia ncha. Ikala kwa pupa, na kadiri ilivyokula ndivyo ilivyoliwa, ikakonda kama sindano, ikapiga ukelele, matone ya moto yakamdondokea fundi kiganjani hadi ncha ikaisha kabisa. Fundi akaanguka chini akimwita mkewe kwa sauti yake mwenyewe.

Jioni, mwenye shavu bichi ndiye aliyepika, nani mwingine? Alikitua chungu katikati, mchuzi ungali unatokota, akahesabu vichwa kama kawaida yake. Binti, kitambaa kichwani. Wifi, mkono umefungwa ubao. Mume, kainama kwa aibu. Wote wapo, akajisemea, na wala hajazidi mtu.

Mumewe akatumbukiza mkono mtupu ndani ya chungu, akakoroga polepole, akitafuta nyama. Hakushtuka. Kiganja kilipotoka hakikuwa na lengelenge hata moja. Kilimeremeta kijivu, kama kimepakwa risasi mpya.

"Mke wangu," alisema kwa upole, "nilishe tena."