Magazeti Ndani ya Gari la Harusi

Jeki ilizama.

Nilisikia krrraaak! halafu gari zima likashuka, puuu! pale pale ulipokuwa mkono wangu sekunde mbili nyuma...

Sekunde mbili, jamani! Nilikuwa nimeutoa kufuata spana tu.

Nikakaa chini kwenye saruji nikavigusa vidole vyangu kimoja kimoja. Vyote kumi vipo. Ndipo nikaanza kulia, na sikulia kwa woga, nililia kwa hasira.

Maana jeki haikuteleza. Jeki ilikuwa imelitoboa gari! Ilikuwa imeingia ndani ya kile chuma kinene kinachopita chini ya mlango, kile kinacholibeba gari zima, kama kidole kwenye mkate uliolowa chai.

Na kwenye lile tundu yalikuwa yanachungulia magazeti.

Ndiyo. MAGAZETI!

(Najua mafundi mtaniuliza kwa nini sikuweka stendi za kulibeba gari. Nimeshatukanwa na mwanangu, inatosha.)

Naitwa Verna Tibbetts, wa mji wa Cradley Heath, nina miaka arobaini na tisa, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Gari ni Morris Minor la mwaka 1964. Nililinunua likiwa gofu, kuku wangeweza kutaga ndani. Miaka miwili nimelisugua kutu, nimeshona viti mwenyewe, nimeifungua injini na kuifunga mara tatu.

Yote kwa ajili ya binti yangu, Imogen. Tangu ana miaka sita alikuwa ananiambia, "Mama, siku nikiolewa unipeleke kanisani na gari la kizamani, wewe ndiye uendeshe."

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Sasa nikayavuta yale magazeti. Yakaja bunda baada ya bunda, yameshindiliwa kwa bisibisi! Nikaelewa mchezo. Kuna mtu alikuta chuma kimeliwa na kutu. Badala ya kukata na kuchomelea kipya, akajaza karatasi, akafunika kwa bati jembamba, akapaka puti, akapiga rangi nyeusi juu, akauza.

Nikatafuta tarehe. Mwaka 1993.

Nikakimbilia kadi ya gari. Mmiliki kuanzia mwaka 1993: Cyril Pickerell.

Yule mzee aliyeniuzia! Aliyenishika mkono akanitazama machoni akasema, "Chini ni salama, mwanangu. Halijawahi kunisumbua."

Nikampigia kaka yangu Lyndon. Lyndon ni mchomeleaji, ndiye aliyenisaidia kazi nzito zote.

"Lyndon, yule mzee katuuzia jeneza!"

"Unasema?"

"Kajaza magazeti chini ya mlango! Jeki imetoboa! Ningekatika mkono!"

Halafu akawaka kuliko mimi.

"Mshenzi yule! Na mimi nilipaka rangi huko chini nikidhani ni chuma kizima. Katupiga changa la macho sote!"

"Namfuata sasa hivi nyumbani kwake."

"Usimfuate nyumbani, atakukana. Mlipue mbele ya watu, Verna. Jumapili, klabuni!"

Nikaona kaka yangu ana akili.

Nikapiga picha. Nikairusha kwenye ukurasa wa klabu yetu ya magari ya zamani, na jina la mzee kamili. Nikaandika: HUYU NI MUUAJI. Sikuandika tapeli, jamani. Niliandika muuaji.

Povu likamwagika. Watu waliokunywa naye chai miaka ishirini wakamtia kinywani. "Nilikuwa namshuku siku nyingi." "Wapole wapole ndio hao." Mmoja akataka afutwe uanachama siku hiyo hiyo.

Na mwenyewe hana hata simu ya maana. Hakuwa na habari.

Jumapili ya kwanza ya mwezi klabu yetu hukutana kwenye uwanja wa nyuma ya baa. Tunapanga magari, tunafungua boneti, tunakunjua viti vya turubai, chai za chupa, mikate ya bekoni, na majungu. Hapa kwetu gari likipita miaka arobaini sheria hailazimishi ukaguzi wa mwaka, kila mtu anajikagua mwenyewe. Kwa hiyo kitu kinachotuweka hai ni neno la mwenzako tu. Ukidanganya kuhusu kutu, umekwisha.

Mzee Pickerell akaja na kiti chake kwapani, akaweka sandwichi zake mezani.

"Habari za asubuhi?"

Watu wakamgeuzia migongo.

"Jamani, kuna msiba?"

Mtu akatema mate karibu na kiatu chake. Nikasogea, Lyndon nyuma yangu, watu wakatengeneza duara. Nilikuwa na mfuko wa plastiki. Nikaumwaga mezani kwake, juu ya sandwichi zake.

"Yatambue hayo!"

"Ni... magazeti?"

"Yametoka chini ya mlango wa gari uliloniuzia! Wiki mbili zijazo mwanangu apande humo na shela! Ulitaka nimzike badala ya kumwoza?"

Mzee akabadilika rangi. "Binti, mimi sijawahi kulikata hilo gari. Naapa."

"Anaapa!" Lyndon akapaza sauti. "Mzee mzima hana haya! Mwaka ni wake, kadi ni yake, anaapa!"

"Muuaji!" mtu akadakia.

"Ondoka! Rudisha ufunguo wa stoo ya klabu!"

"Miaka yote unatuhubiria uaminifu, kumbe!"

Walikuwa watu arobaini. Nakumbuka idadi, na mtaona kwa nini.

Mzee hakubishana. Akavaa miwani, akachukua gazeti moja akalinyoosha kwenye paja. Nikamwambia, "Soma vizuri, mwaka uko juu."

"Mwaka nimeuona," akasema. "Nasoma huku pembeni."

"Pembeni kuna nini?"

"Penseli."

Sasa, aliyekulia mitaa yetu ya zamani anajua. Muuza magazeti alikuwa anaandika kwa penseli, kwenye kona ya juu, namba ya nyumba na mtaa, ili mgawaji asikosee mlango. Kila gazeti na nyumba yake. Mimi yale magazeti nilikaa nayo siku nane. Nilitafuta mwaka, nikaupata, nikafurahi. Kona sikuitazama hata mara moja.

Mzee akasoma taratibu: "Ishirini na saba, Larkhill."

Akainua uso. "Mimi sijawahi kuishi Larkhill. Kuna anayemjua mtu wa ishirini na saba Larkhill?"

Nikampokonya lile gazeti. 27 Larkhill. Nikachukua la pili. 27 Larkhill. La tatu hivyo hivyo, na lile la tatu lilikuwa limekunjwa upande wa fumbo la maneno, nusu limejazwa kwa wino wa kijani, herufi zimelala upande wa kushoto...

Mwandiko wa mama yangu.

Jamani. Mama yangu! Amekufa mwaka wa kumi na moja huu. Alikuwa anajaza fumbo kila jioni na kalamu ile ile ya kijani, na akikwama ananiita, "Verna, njoo unisaidie hapa." 27 Larkhill ndiyo nyumba niliyozaliwa.

Nikageuka polepole.

Lyndon alikuwa ameshapiga hatua tatu kuelekea gari lake.

"Lyndon."

"Namba za nyumba zinafanana, Verna. Usianze."

"Na mwandiko wa mama nao unafanana?"

Akasimama.

"Njoo hapa uwaambie watu."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili! Nanunua magari mabovu, natengeneza uani, namuuzia dalali wa barabarani. Wakati ule kila mtu alikuwa anafanya hivyo!"

"Mwaka juzi nilipolivuta hili gari mpaka kwangu, ulikuwa na miaka mingapi?"

Akatoa funguo za gari mfukoni.

"Ulilitambua?"

"...Niliiona namba yake."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Ndiyo maana ukaniambia 'chini niachie mimi'! Ukalala chini ya gari wikiendi mbili nzima unapaka rangi nyeusi juu ya uozo wako! Si ungekata tu ukaweka chuma kipya? Una mashine, una mikono!"

"Ulikuwa hutoki gerejini! Ningekata ungeyaona magazeti. Ungenidharau."

"Bora nimzike Imogen kuliko nikudharau?"

"Ningekwambia kabla ya harusi."

"Lini? Mlangoni kwa kanisa?"

Nilimpiga kofi. Siombi radhi kwa hilo kofi. Kama kuna kitu kimoja siku ile nilikifanya kwa haki, ni lile.

"Mjinga wewe!" akanifokea, ameshika shavu. "Unaniaibisha mbele ya watu kwa ajili ya bati! Mimi ni damu yako!"

"Na Imogen si damu yako?"

Akapanda gari akaondoka. Watu wote walikuwa wanaangalia viatu vyao, na wale waliokuwa wanapiga kelele nao wakaanza kufunga boneti zao taratibu.

Nikageuka kwa mzee. Alikuwa bado ameshika lile fumbo la maneno.

"Nililinunua kwa dalali," akasema, wala haniangalii. "Marehemu mke wangu aliliendesha viangazi vitatu. Alikuwa anawapeleka wajukuu kuogelea, wanne nyuma wamebanana. Alipougua nikaliweka bandani." Akalikunja lile fumbo. "Wanne, nyuma."

Akaweka ufunguo wa stoo mezani, akakunja kiti chake, akaenda zake. Hakuna aliyemzuia. Hata mimi!

Imogen alikwenda kanisani kwa teksi. Aliniambia, "Mama, afadhali teksi na wewe uko pembeni yangu." Lyndon hakualikwa. Alituma kadi, Imogen akairudisha bila kuifungua.

Siku ya pili baada ya harusi nikaenda kwa mzee. Nilishafuta ile posti. Nilibeba keki, kama vile keki inafuta neno muuaji.

Akafungua mlango kidogo.

"Bwana Pickerell, nimekuja kukuomba msamaha."

"Siku mliponiita muuaji, pale palikuwa na watu wangapi?"

"Kama... arobaini."

"Leo umekuja na wangapi?"

"Peke yangu."

"Basi uliniaibisha mbele ya arobaini, unanisafisha gizani. Wakusanye wale wale, wote, ndipo uniombe."

Akafunga mlango. Niliwaka, nisiwadanganye. Nilifika kwangu nikampigia Imogen: "Mzee ana jeuri yule!"

Imogen akanijibu kavu kavu: "Mama, jeuri ni wewe. Fanya alichokwambia."

Basi nikaanza kuzunguka. Miezi miwili! Mlango kwa mlango. Wapo walionifukuza kwa sababu nilikuwa nawakumbusha midomo yao wenyewe. Yule aliyetema mate alinikwepa mara tatu, mkewe anasema hayupo, na mimi nasikia runinga inazimwa. Mara ya nne nilikaa ngazini kwao mpaka akatoka.

Nikawapata thelathini na tisa.

Wa arobaini alikuwa Lyndon.

Nilikuwa nimeapa kutokanyaga kwake. Nikakanyaga.

"Njoo Jumapili. Simama tu. Hata usiseme kitu."

"Kwa yule mzee? Kesi ya miaka thelathini? Mwambie alale."

"Lyndon, nakuomba."

"Ungeninyamazia kama ndugu, haya yote yasingekuwepo." Akarudi ndani.

Jumapili ikafika. Wale thelathini na tisa na mimi tumejipanga uwanjani kama watoto waliovunja dirisha. Imogen ndiye aliyekwenda kumchukua mzee. Nikasimama mbele yake nikasema yote kwa sauti: nilimwita nini, nilikosea wapi, gazeti lilitoka nyumba gani. Kisha nikasema, "Naomba unisamehe."

Mzee akatuangalia mmoja mmoja, kwa kidole anahesabu. Akafika mwisho.

"Yule aliyepiga kelele kuliko wote yuko wapi?"

"Amekataa kuja."

"Ni nani wako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

Akashusha kidole. Nilijua sasa ananitukana, na nilikuwa tayari.

"Pole," akasema.

Akanipita, akaenda kukaa na wenzake, akamiminiwa chai. Mimi hakunisalimia tena na mpaka leo hanisalimii. Lakini ile pole, jamani... Nimetukanwa sana maishani na sijawahi kuchomwa namna ile.

Gari nimelikata lote chini. Nachomelea chuma kipya mwenyewe, najifunza, mishono yangu mibaya kama nini, ila ni chuma.

Haya, mnaosoma, sikilizeni. Nilipokuwa natafuta mtu wa kumnyonga, ushahidi niliusoma nusu, ile nusu niliyoitaka. Ukimkuta mtu anakuhimiza umlipue mwenzako mbele ya watu, muulize kwanza yeye anaogopa nini. Na kabla hujabonyeza kitufe cha kurusha jina la mtu, jiulize kama utaweza kuwafuata wote waliolisoma, mlango kwa mlango.

Mimi nilikuwa na arobaini tu, na nimeshindwa mmoja.