Usukani Mgumu wa Mama Olal

Atoo aliamka mabega yakimuuma, kama alivyoamka jana na juzi. Akanywa chai, akajifunga kitenge, akatoka kuwasha gari lao. Lilikuwa jipu la zamani, refu, lenye nguvu ya kupita kwenye tope lolote. Kila siku ya shule aliliendesha kutoka kwao Naguru mpaka Ggaba, kando ya ziwa, akanunua samaki ufukweni na kuwapeleka kwenye jiko la shule moja ya bweni. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba, kwa kuwa mumewe, Saverio, alikuwa polisi mstaafu.

Shida ilikuwa usukani. Ulikuwa mgumu, mgumu wa kukera. Ukikata kona, unauvuta kwa mikono miwili na kifua. Ukimaliza kona, haurudi wenyewe, bali unaurudisha tena kwa nguvu. Na Saverio, aliyeliendesha jipu hilo miaka sita kabla ya kumwachia mkewe mwaka jana, alikuwa na jibu moja tu kila alipoambiwa: gari la kazi halitaki mikono laini.

Asubuhi hiyo, kwenye kona ya mteremko, bodaboda ilitokea mbele imembeba mtoto wa shule. Atoo akauvuta usukani. Ukagoma katikati. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, jipu likasimama hatua mbili kutoka kwa mtoto. Mwenye boda akamtukana mpaka akachoka. Atoo aliona kwamba ana haki ya kutukana.

Aliporudi nyumbani aliweka ufunguo mezani, mbele ya mumewe.

"Baba Olal, mimi siendeshi tena," alisema. "Nikiendelea nitaua mtoto wa mtu."

"Na samaki wa shule?"

"Shule itatafuta mtu mwingine. Nimechoka kukuambia."

Saverio akaanza kueleza kwamba pampu ya usukani ni mpya, aliinunua mwenyewe mwezi uliopita. Hapo ndipo Atoo alipozidi kuudhika. Fundi wa kwanza alisema pampu, wakabadilisha pampu. Wa pili alisema mkanda, wakabadilisha mkanda. Hakuna hata mmoja aliyeinama chini ya gari. Wote walikuja na majibu tayari, kana kwamba gari walilipima kwa simu.

Mchana huo Atoo akamwita Hajara, jirani yao, fundi mwenye gereji Namuwongo. Hajara alifika na mkoba wa spana, mtandio wake ameufunga nyuma ya shingo. Hakutaja pampu wala mkanda. Aliuliza kwanza. Ugumu ulianza ghafla au pole pole? Baada ya kona, usukani unarudi wenyewe? Atoo akajibu kwamba ulianza pole pole, na kurudi haurudi.

Hajara akapima upepo wa matairi ya mbele, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo hufanya usukani kuwa mzito. Upepo ulitosha. Oili ya usukani ilikuwa imejaa, na mkanda umekaza vizuri. Basi akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akainua mbele kwa jeki, akaliegemeza gari kwenye stendi mbili za chuma. Alimwonya Atoo kwamba mtu haingii kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu.

Magurudumu yalikuwa hewani, na bado usukani ulikuwa mgumu. Kwa hiyo matairi hayakuwa na kosa. Hajara akafungua fimbo ya chuma inayotoka kwenye usukani kwenda magurudumuni, akamwambia Atoo azungushe. Usukani ukazunguka kwa kidole kimoja. Saverio, aliyekuwa amesimama mbali na mikono nyuma, akasogea.

"Sasa Afande, geuza gurudumu lenyewe," Hajara akamwambia.

Saverio akalisukuma. Halikwenda. Akalisukuma kwa bega, likasogea kidogo huku likikwaruza.

"Ugonjwa uko hapa," Hajara alisema. "Huku ndani, nyuma ya gurudumu, kuna beringi mbili, moja juu, moja chini. Gurudumu hugeukia hapo. Bila grisi, zinakwama."

Alipofungua, badala ya grisi ukatoka uji wa kijivu, uliojaa maji na kutu. Akauliza maji yameingilia wapi. Atoo akamtazama mumewe. Kila Ijumaa, ili kutoa harufu ya samaki, waliliingiza jipu ziwani pale Ggaba mpaka maji yafunike magurudumu, wakalisugua humo humo kwa sabuni ya unga. Saverio ndiye aliyeanza, Atoo akafuata. Magari mengi ya samaki yalioshwa hivyo.

"Gari hili linaweza kuvuka maji," Hajara alisema, "lakini si kukaa ndani yake kila wiki. Mipira ya kuzuia maji imezeeka. Na hiyo sabuni na oili mnawanywesha samaki mnaowauza."

Kesho yake akaweka beringi mpya, mipira mipya na grisi safi. Alikaza kwa kipimo, akieleza kwamba ukikaza kupita kiasi, ugumu unarudi. Kisha akamwachia Saverio jipu alijaribu uani.

Saverio akazunguka mara moja, akazunguka tena. Akazima injini, lakini hakushuka. Atoo akaenda kwenye mlango wa jipu kumwangalia.

"Mama Olal, nilidhani ni uzee," alisema. "Mwaka jana mikono ilinishinda. Niliona aibu kusema, nikakuachia gari."

Hasira zikampanda Atoo. Mwaka mzima wa kuumwa mabega.

"Ulinipa kitu kilichokushinda wewe," alimwambia. "Yule mtoto angekufa kwa sababu ya aibu yako."

"Najua," Saverio alisema.

Siku hizi wanaendesha kwa zamu, na shule bado inapata samaki wake. Jipu huoshwa nyumbani kwa ndoo, mbali na ziwa, na kila miezi mitatu Hajara hukagua grisi. Naye Saverio akisikia kitu kinakwaruza, kiwe kwenye gari au kwenye goti lake, humwambia mkewe siku hiyo hiyo.