Ombi Lisilosemwa

Kila Jumapili asubuhi kazi ya Kezia ilikuwa kumfungia mama yake zipu. Verlene, mama yake, wiki nzima alichuna kambare kwa kisu kiwandani, lakini Jumapili alikuwa mhudumu wa mlangoni kanisani. Akishasugua mikono kwa limau, akavaa gauni jeupe lililopigwa pasi barabara na glavu zake nyeupe, hata mchungaji alimpisha njia. Kezia, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliona fahari kuwa mtoto wa mama huyo.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, zipu ya ubavuni ilikwama. Kezia akaivuta kwa nguvu, na mama yake akaguna na kushika ukingo wa meza. Ndani ya sidiria, upande wa kushoto, Kezia aliona pamba iliyokunjwa, na ngozi ya titi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa.

"Mama, hicho ni nini?"

"Ni kisu tu," alijibu Verlene. "Anayechuna samaki kutwa, lazima mwili umdai." Kisha akamshika kidevu. "Usimwambie bibi yako, wala mtu yeyote. Watu wa kanisa watanitafuna kabla daktari hajanigusa. Mambo ya nyumba hii hayatoki nje. Niahidi."

Kezia akaahidi.

Jumatano jioni ilikuwa siku ya kuombeana kanisani. Mchungaji aliuliza nani ana ombi, na watu wakataja goti la mume au kijana aliyeko jeshini. Asiyetaka kutaja lake alinyoosha mkono na kusema, "Langu halisemwi." Wote waliitikia, "Bwana analijua," na hakuna aliyeuliza zaidi. Kuuliza kulikuwa utovu wa adabu mkubwa kuliko hata kukoroma wakati wa mahubiri. Tangu mwezi ule Verlene alinyoosha mkono kila Jumatano. Kezia aliitikia pamoja na wengine, ingawa ukimtoa Bwana, ni yeye peke yake aliyelijua ombi lile.

Mwezi wa sita, gari la hospitali la kupima saratani ya matiti liliegeshwa mbele ya kanisa. Verlene aliwapanga wanawake foleni, akawagawia namba na kuwatania waliokuwa wakitetemeka. Yeye mwenyewe hakuingia. Kezia alipomvuta mkono, alicheka kidogo na kusema, "Nikiingia mimi, nani atashika mlango?"

Pamba katika ndoo ya taka zikaongezeka. Verlene akawa anakula mkate wa mahindi vipande viwili tu na kusukuma sahani. Kezia alikonda pamoja naye, maana ahadi ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa, Verlene alinyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa haupandi tena. "Langu halisemwi," akasema. Kabla watu hawajaitikia, Kezia alijikuta amesimama.

"Mama ana uvimbe kwenye titi," alisema. "Unatoa maji. Ni tangu mwezi wa pili."

Verlene aliinuka, akatoka kwa mwendo uleule wa mhudumu, mgongo wima. Bibi yake Kezia, Mama Odessa, aliyekaa benchi la mbele na akina mama wa kanisa, alimfuata nje akiwa ameacha kofia yake kitini.

Kesho yake walikwenda hospitali ya mjini. Daktari alisema ugonjwa umeshafika mifupani. Alieleza kwamba wanawake weusi kama wao mara nyingi hupatwa wakiwa bado vijana, na wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Wangekuja mapema, matumaini yangekuwa makubwa zaidi.

Siku mbili Verlene hakumsemesha binti yake. Siku ya tatu alimwita amfunge kamba za gauni la hospitali.

"Umenivua nguo mbele ya kanisa zima," alisema. Kisha akamvuta kifuani, upande usiouma. "Laiti ningekuacha useme mapema, mwanangu. Kosa ni langu mimi niliyekufunga mdomo."

Aliishi mpaka majira ya kuchipua. Alizikwa na gauni lake jeupe na glavu zake. Kezia aliomba kumfungia zipu mwenyewe, na safari hii haikukwama.

Baada ya mazishi Kezia hakulala vizuri wala kula. Alihesabu miezi kwa vidole, kutoka wa pili hadi wa tisa, na kila akihesabu alilia. Mama Odessa akaileta Biblia kubwa ya familia, akafungua ukurasa wa majina. Palikuwa pameandikwa: Lucille, aliugua.

"Huyu ni dada yangu," alisema bibi. "Lilikuwa titi. Mimi ndiye niliyemuuguza mpaka akafa, na sikumwambia mama yako hata siku moja, niliona haya. Usijitwike mzigo wa watu wazima, mjukuu wangu. Wewe ndiye pekee uliyesema."

Jumatano iliyofuata, Mama Odessa alisimama kabla hajaulizwa.

"Dada yangu Lucille na binti yangu Verlene waliuawa na saratani ya matiti," alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na sisi hapa tulimsaidia kuficha, kwa adabu zetu. Ombi lisilosemwa Bwana analijua, lakini daktari halijui. Mtoto akiombwa kuficha ugonjwa wa mtu, asiahidi. Na wewe mwanamke ukiona badiliko mwilini mwako, usingoje liume."

Kwenye benchi la nyuma, Dada Maxine, rafiki wa Verlene wa kiwandani, alikuwa ameshainua mkono. Akaushusha polepole.

"Langu liko kwapani," alisema. "La kulia. Ni wiki mbili sasa."

Hakuna aliyeitikia kwamba Bwana analijua. Mama Odessa alichukua mkoba wake na kusema, "Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako."

Kezia aliondoka kwenye benchi lake, akaenda kukaa karibu na Dada Maxine, upande wa kushoto usio na uvimbe.